Cherehani ya Mama Yako Iko kwa Fundi

Kwako mke mwenzangu, mjukuu wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua, na sitaki uniulize habari zake. Wewe hujambo? Unakula? Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili umeniudhi. Hoteli unayofanyia kazi imefungwa tangu ugonjwa uingie, umekaa miezi mitatu unatazama dari, ndiyo kwanza unamkumbuka bibi yako! Ningekuwa na mkono wa kufika huko ningekufinya.

Unasema unakuja kuchukua cherehani ya marehemu mama yako uanze kushona barakoa. Haipo. Usishtuke, wala usiwaite wajomba zako kikao. Kaa chini usome.

Unamkumbuka yule fundi mkimbizi aliyetoka kambini akapanga kibaraza cha muuza vitambaa? Ulikuwa ukimcheka anavyotamka maneno. Basi ulipoondoka nilianza kufanya naye kazi. Yeye anashona, mimi natoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi kwa mkono, maana mashine yake ile ya kukanyaga haikuiweza kazi hiyo. Macho yangu bado yanaona, asikudanganye mtu. Wateja wakisubiri nguo, wanakunywa chai kwa mama wa kona. Muuza vitambaa anauza, muuza mkaa anauza, kwa sababu pasi ya fundi ilikuwa na njaa kuliko wewe. Kibaraza kimoja, watu watano tunakula. Na bado sisi wenyeji tulikuwa tukisema wakimbizi wametujazia mji.

Ugonjwa ulipokuja, lango la kambi likafungwa, soko likafungwa, na kazi zikabaki za kuokoteza. Bombani tukapangwa hatua mbili mbili, mikono haina shughuli, midomo ikapata ajira. Mara wakimbizi ndio walioleta ugonjwa, mara wanafichwa wasipimwe. Siku moja vijana wa mtaani wakaenda kibarazani wakamwambia fundi anakohoa, arudi alikotoka. Cherehani yake wakaimwagia mafuta ya taa wakaichoma, eti wanaua vijidudu. Vijidudu vya chuma! Watu wa afya wakaja wakamchukua, wakamweka siku kumi na nne kwenye darasa la shule. Akapimwa, hana kitu. Kilichokuwa kikimkohoza ni moshi wa pasi na vumbi la pamba, na mimi niliyekaa naye mwaka mzima nilikuwa nalijua hilo vizuri sana.

Aliporudi alikuta kibaraza kitupu. Mama wa kona amefunga, muuza mkaa amerudi kwao. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya moto nalala, huku nakuandikia kwamba nimenenepa. Ule ulikuwa uongo. Ndipo nikaitoa cherehani ya mama yako uvunguni, nikaisukuma kwa toroli mpaka pale kibarazani. Siku hizi anashona barakoa za zahanati, mimi nakata mikanda yake. Mama wa kona amewasha tena jiko. Na fundi kila mteja anamwambia kwamba bibi huyu ni mtu wa Mungu.

Sasa sikiliza, na usinikatize.

Aliyesema fundi anakohoa ni mimi. Asubuhi ile alinirudishia mashati mawili, akasema mbele ya wateja kwamba matundu yamekwenda upande, nifumue. Mimi, nifumue! Nikafura. Na kweli yalikuwa yamekwenda upande. Nilipofika bombani nikapaza sauti kwamba yule mtu anakohoa kutwa nzima, hivi mpaka tufe ndiyo atazamwe? Nilitaka asengenywe kidogo tu, roho yangu itulie. Vijana walikuwa nyuma yangu na madumu yao, wakayapokea maneno kama yalivyo.

Kwa hiyo cherehani sikuitoa kwa huruma. Nilikuwa nafidia, tena kwa mali isiyo yangu. Nimekukosea wewe pia. Hutanisikia nikilisema hilo mara ya pili, kwa hiyo lisome taratibu.

Cherehani ni yako. Ukija kuibeba sitakushika mkono. Lakini zahanati inataka barakoa nyingi kuliko anazoweza kushona mtu mmoja, na ukipokezana naye kiti, mtakula wote. Fikiria njiani, si baada ya kufika.

Fundi bado hajui. Nimekuandikia wewe kwanza ili nione kama maneno yenyewe yanatoka. Yametoka. Sasa naikunja barua hii, naitia kwenye mfuko wa gauni, nakwenda kibarazani kumwambia, wateja wakiwepo. Dereva wa lori anayekuletea barua zangu nitampa nikitoka huko, si kabla. Ukiishika mkononi, jua nimeshasema.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, mwambie apunguze chumvi. Funika pua yako vizuri, si kidevu.

Ni mimi bibi yako,
mama wa mama yako.