Mama, Zile Kazi Mbalimbali

Mama,

Mhariri wangu ameniandikia tena. Kitabu cha pili kinaenda mtamboni wiki ijayo na anataka maneno sitini ya kuweka nyuma ya jalada: mwandishi ni nani, ametoka wapi, amefanya nini maishani. Sitini tu. Riwaya yenyewe ilinichukua miaka mitatu na sikulalamika, lakini hayo sitini yamenikalisha hapa mezani Kaloleni tangu asubuhi, na chai nimeipasha moto mara mbili. Sababu unaijua. Mara ya kwanza nilipoulizwa swali hili ulikuwa hai, nikalijibu kwa namna iliyokuumiza, na mpaka tukakuzika Asembo sikuwahi kukuomba msamaha.

Basi kabla sijamjibu mhariri, acha nikuandikie wewe.

Nakumbuka siku niliyoanza. Matokeo yangu ya Kidato cha Nne yalikuwa mazuri, karo ya chuo haikuwepo, na vidole vyako vilikuwa vimeanza kuvimba. Ulikuwa na mteja aliyetaka rasta ndogondogo, zile za kukalisha mtu kutwa nzima, na kufika saa nane mkono wako wa kulia ukakataa kabisa. Mimi nilikuwa nimekuletea chakula tu. Ukaniangalia, ukaangalia kile kichwa kilichobaki nusu, ukasema, "Nawa mikono. Kuja ushike hapa." Yule mama akageuka akaniona, mwanamume na ndevu zake za kwanza zinachungulia. "Huyu?" akauliza. "Huyu," ukamjibu. "Ni wangu. Atajua tu."

Sikujua chochote. Rasta zangu za kwanza zilikuwa nene hapa, nyembamba pale, na mteja aliposinzia kidogo ulizifumua tatu upesi upesi, ukazisuka upya bila kunigombeza. Lakini kufika Krismasi nilikuwa nasuka matuta mazuri kuliko wengi pale Kondele, na nasema hivyo bila unyenyekevu wowote kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia watu. Nikakaa kwenye lile benchi lako la kando ya barabara miaka sita.

Vijana wa bodaboda walikuwa wakiniita Anti. "Anti, nisuke na mimi!" Kila asubuhi, na wengine wao hawakuwa hata na nywele za kushika. Wiki nyingine nilitamani ardhi inimeze. Nilikuomba tutafute kibanda cha ndani, hata kama ni chenye pazia la gunia, watu wasinione. Ulicheka mpaka ukaketi. "Nyathina," ukasema, kama ulivyoniita ukitaka nikusikilize, mwanangu, "wachana nao wacheke. Bibi zao wote wako kwa laini yako ya Jumamosi." Na ilikuwa kweli. Hao hao walikuwa wakiwaleta wake zao kwangu kwa pikipiki, wananiambia kwa sauti ya chini, "Boss, mfanye apendeze."

Watu huniuliza nilijifunza wapi kuandika. Nimewahi kujibu kwa majina ya semina na warsha, na mengi ya majibu hayo ni ya kujipamba. Nilijifunza nikiwa nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Mtu anayesukwa hauoni uso wako. Anaangalia barabara, anaangalia mkungu wa ndizi ukipita, saa ya kwanza inaisha, ya pili inaisha, na kufika saa ya tatu anasema mambo ambayo hajamwambia hata mchungaji wake. Wewe ndiye uliyenifundisha namna ya kusikiliza. Ulisema mtu akianza kuongea nisimkatize, na akianza kulia nisiache kusuka, kwa maana mikono ikisimama atajua nimemsikia, na atanyamaza. Sijasikia semina yoyote ikisema jambo lenye akili kuliko hilo.

Unamkumbuka yule mama wa Obunga na habari yake ya samaki? Kila jioni mumewe alimletea ngege nusu, upande wa mkia. Mwanzo alidhani ni hali ngumu. Miezi ikapita, bado mkia. Akaanza kujiuliza kichwa kinakwenda wapi, maana samaki huvuliwa mzima, na siku moja alimfuata mumewe kutoka ufuoni, akagundua kwamba kichwa nacho kina nyumba yake na sahani zake. Alitusimulia hayo yote akiwa amekaa wima kabisa, wewe ukimpa rasta za kuunganisha, mimi nikichovya ncha kwenye maji moto. Niliporudi nyumbani niliandika yote kwenye daftari langu la hesabu la shuleni. Ndiyo sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, Mama. Ilikuwa pale kwenye benchi, na uliisikia kabla ya msomaji yeyote.

Halafu nikapata kazi kwa mpiga chapa, mtaa uleule, ya kuandika wasifu wa marehemu kwenye programu za mazishi. Ulifurahi kwa sababu nilikuwa ninaketi kwenye kiti chenye mgongo. Kule nilijifunza ufundi mwingine, wa kupaka rangi. Familia zinakuja na mtu wao, na kila mtu wao lazima apendeze. Mwanamke aliyepika chang'aa maisha yake yote nilimwandika "mfanyabiashara wa vinywaji". Mzee ambaye hakushika kazi hata moja tangu nimjue nikamwandika "mshauri wa jamii". Nilikuwa nakusomea nakala jioni, na ulikuwa unajifuta machozi ya kicheko kwa pindo la leso. Sikufahamu kwamba nilikuwa nafanya mazoezi.

Kwa sababu kitabu kilipokubaliwa, na wachapishaji wa Nairobi wakaniomba maneno sitini, nilishika rangi ile ile nikaipaka juu yako. Niliandika kwamba nimezaliwa Kisumu, kwamba nimefanya kazi mbalimbali, kwamba sasa ni mwandishi. Nilikuwa nimetazama migongo ya vitabu vya wenzangu. Nilivyoiona mimi, ilijaa vyuo vikuu na miji ya mbali. Nikajiona kwenye lile benchi na kitana mdomoni, nikaona aibu. Ningependa kusema nilionea aibu kazi tu. Hapana. Nilikuonea aibu wewe, pamoja na benchi lako na mikono yako yenye harufu ya mafuta ya nywele, na nimekaa na neno hili kifuani kwa muda mrefu mno.

Nilikuletea nakala ya kwanza nikijua macho yako hayakuwa yakiona tena herufi ndogo. Ukamwita Akoth, binti wa jirani, akusomee. Akasoma jina la kitabu, ukapiga makofi. Akasoma jina langu, ukapiga tena. Ukasema, "Geuza nyuma," naye akageuza, akasoma.

"Mbalimbali ni gani?"

Akoth akaniangalia, maskini, akadhani ni Kiswahili kimekushinda. "Ni kama kazi nyingi nyingi tofauti, Mama."

"Maana yake najua. Nauliza ni gani."

Nikasema nafasi ilikuwa ndogo, walitaka maneno machache. Ukageuza uso wako upande niliposimama.

"Kwa hivyo mbalimbali ndio mimi?"

Ukasema, "Sawa," ukakichukua kitabu kwa Akoth, ukaniuliza kama nitakula. Hatukulizungumza tena. Ulikuwa na namna yako ya kufunga jambo, na mimi, mwoga mkubwa, niliufurahia ule mlango uliofungwa.

Sasa nikupe habari za Jumamosi iliyopita. Kulikuwa na kikao cha waandishi kwenye ukumbi wa maktaba hapa mjini, wanne tumepangwa mbele, vijana wa shule wamejaa, feni inazunguka bila kuleta upepo. Ungewapenda wenzangu. Kulikuwa na askari jela mstaafu, mtu mkubwa kama mlango, anayeandika hadithi za watoto kuhusu sungura. Alisema alianza kuzitunga kwa ajili ya wafungwa waliotaka kuwatumia watoto wao barua na hawakuwa na la kuwaambia. Kulikuwa na muuguzi kutoka Kakamega, anaandika riwaya za mapenzi kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, akisema wodi imemfundisha nani hasa anayempenda nani, kwa kuangalia tu anayekuja na uji. Na kulikuwa na mhadhiri, vitabu tisa, akakiri hadharani kwamba wasomaji wake wote ni wanafunzi wanaotafuta alama. Ukumbi ulicheka sana. Nami nilikaa pale nikishangaa. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba waandishi wana njia moja safi na mimi ndiye niliyeingilia dirishani, kumbe kila mmoja aliingia kwa dirisha lake, na wao hawaoni haya kulionyesha.

Kipaza sauti kikanifikia. Na unajua nilisema nini? Mdomo ulishazoea. "Mimi nimefanya kazi mbalimbali," nikasema, nikaanza kumpasia mhadhiri.

Muuguzi akanigusa mkono. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu. "Kama gani, ndugu yangu?"

Nikakirudisha kipaza sauti mdomoni. Halafu nikasema, "Nilisuka nywele. Kondele, na mama yangu. Miaka sita."

Walicheka, siwezi kukuficha. Vijana wa nyuma walicheka wakipigana mabega, na masikio yangu yakawaka moto kama zamani. Kisha msichana mmoja akasimama akauliza kwa sauti kama bado ninaweza, na bei yangu ni gani, wakacheka tena, lakini safari hii nilicheka nao. Nikawaeleza habari ya samaki. Nikawaeleza kuhusu mikono isiyotakiwa kusimama. Muuguzi aliandika hilo kwenye simu yake.

Ilipokwisha, mwalimu aliyekuwa amewaleta wanafunzi akanijia. Alikuwa Mwalimu Adhiambo, yule kastoma wako wa mwisho wa mwezi, matuta ya kurudi nyuma, kila mara na malalamiko mapya kuhusu mwalimu mkuu. Amezeeka vizuri. Alinishika mkono akaniangalia sana.

"Kumbe siku hizi ruhusa imetoka," akasema.

"Ruhusa gani, Mwalimu?"

"Ya kusema ulikuwa unatusuka. Mama yako alitukataza."

Nilidhani ananitania. Akatikisa kichwa.

"Ile kitabu ilipotoka, aliita sisi kastoma wake mmoja mmoja. Akasema mtu asiambie mtu ati Ochieng' alikuwa anasuka hapa. Akasema, huko kwenye ameenda watu ni wakubwa, watamdharau. Mimi nikamuuliza, 'Na wewe, watu wakikuuliza?' Akasema, 'Mimi nawaambia yule alikuwa kijana nimeandika kazi, akatoka.'"

Nilitafuta mahali pa kuketi.

Nikakumbuka mazishi yako. Wanawake wa Kondele walijaza mabasi mawili mpaka Asembo. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza ulivyowapamba kwa harusi zao, ulivyowasuka bure walipofiwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba niliwahi kushika kichwa chake. Nilidhani wamesahau, na nilikuwa nikishukuru kimoyomoyo, mbele ya jeneza lako. Hawakuwa wamesahau. Walikuwa wanakutii.

Mama, nilikunyima sentensi moja. Wewe hukukasirika, wala hukuidai. Uliichukua aibu yangu ukaifanya kazi yako, ukawaambia watu kwamba yule kijana aliyesimama karibu nawe miaka sita alikuwa wa kuajiriwa. Ulimkana mwanao kwa mdomo wako mwenyewe ili yeye apite bila kuchekwa. Nimelia kwa hilo wiki nzima, mke wangu ameacha hata kuniuliza. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hukuwa na haja. Wale wakubwa uliowaogopa kwa niaba yangu ni askari jela na muuguzi, na walicheka kidogo tu, kisha wakataka kujua zaidi. Laiti ningekuuliza. Laiti ningekuambia "nisamehe" siku ile ile, Akoth akiwa bado ameshika kitabu.

Nisamehe. Nakuambia sasa, nimechelewa, najua.

Muda mfupi uliopita nilimtumia mhariri maneno yake. Nimeandika kwamba nilisuka nywele Kondele kwa miaka sita, nikifundishwa na mama yangu, msusi, na nimeweka jina lako lote, Perez Achieng', pamoja na lile la nyumbani. Amejibu haraka kwamba ni mazuri lakini yamefika tisini, lazima nipunguze. Nimeondoa tuzo. Nimeondoa ile warsha ya ng'ambo. Nimehesabu tena, yametosha.

Wewe umebaki.

Pumzisha mikono, Mama.

Mwanao, msusi.