Siku Niliyompita Baba Kabula

Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Mawingu yametanda upande wa ziwa tangu asubuhi lakini hayajadondosha kitu. Hewa nzito, nguo inanata mgongoni. Umeme hapa Kalangalala haujakatika hata mara moja, siku ambayo ningeshukuru kama ungekatika.

Nimekaa kibarazani, cherehani nimeifunika. Jana nilifanya jambo baya. Leo nimejaribu kulirekebisha, nikafanya baya zaidi.

Mume wangu, Baba Kabula, alikuwa dereva wa lori la Fuso. Kwa miaka mingi alibeba mchele kutoka Kagongwa kuja Geita. Mwaka jana, msimu wa mvua, gari liliserereka likaingia mtaroni karibu na Buseresere. Utingo wake, Shija, alitoka na mchubuko wa kiwiko. Baba Kabula alikatwa mguu wa kulia, chini ya goti.

Kaka yake anayefanya kazi mgodini alimletea gemu la mbio za magari. La mtumba, lakini zima: usukani wa kufunga mezani kwa skrubu, na pedeli mbili za kuweka sakafuni. Si yale magemu ya watoto ambayo gari likigonga ukuta linaruka na kuendelea na safari. Hili gari lina uzito. Tairi zikiwa bado baridi linateleza. Ukishika breki katikati ya kona, nyuma inakuja mbele. Usukani wenyewe unakutikisa mikono kama kweli umepanda tuta.

Baba Kabula alijifunza kukanyaga pedeli zote mbili kwa mguu wa kushoto, anauhamisha huku na huku. Siku alipomaliza mzunguko mzima bila kutoka barabarani, alilia. Nami nilifurahi, niliandika humu humu daftarini kwamba nimefurahi, na haikuwa uongo.

Lakini mume wangu ana ulimi.

Alikuwa nao hata kabla ya ajali. Mwaka tuliooana alijaribu kunifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa mpira. Dakika kumi tu, akaniteremsha, akaniambia mbele ya watu nirudi kwenye cherehani. Nikarudi. Sikushika tena usukani.

Mpaka Jumapili moja, miezi miwili iliyopita. Shija alikuwepo, na jirani yetu Masanja. Mimi nilikuwa jikoni na unga mikononi.

"Mama Kabula, njoo ukae hapa kidogo, wageni wacheke."

Nilinawa, nikaja. Nilidhani ni utani wa watu wanaopendana. Gari likaondoka, kona ya kwanza nikapita moja kwa moja mpaka kwenye changarawe. Nilipolirudisha barabarani nikajikuta naenda kinyume, magari mengine yananijia usoni. Nilipiga kelele. Kelele za kweli, kama mtu anayekufa.

"Mwangalieni," alisema, "anashika usukani kama anakamua ng'ombe."

Sikujua kwamba alikuwa ananirekodi. Aliituma video kwenye kundi la madereva wenzake, na madereva wana wake, na wake wana simu. Siku tatu baadaye mteja wangu mmoja alikuja kupimwa gauni, akaniuliza kwa upole kabisa, ng'ombe wako hajambo, anatoa maziwa?

Nilicheka naye. Kisha nikampima kiuno mara tatu, kwa sababu namba hazikukaa kichwani.

Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi Shija humpakia mume wangu kwenye pikipiki, wanakwenda hospitali kwa mazoezi ya mguu wa bandia. Wiki ile, pikipiki ilipopinda tu pale kona ya mtaa, nilifunga mlango nikawasha runinga.

Mwanzo nilipata kizunguzungu. Nilitoka barabarani mara nyingi mno. Ila taratibu nikaanza kuelewa. Breki inashikwa mapema, gari likiwa bado limenyooka, halafu inaachiwa kidogo kidogo. Macho yanatazama unakotaka kwenda. Ukiutazama ukuta, unaufuata. Na miguu yangu, kumbe, ilikuwa na elimu yake. Miaka yote hii ya kukanyaga cherehani, najua kuongeza na kupunguza mwendo bila kufikiri.

Nikagundua na jambo jingine. Kuna kona ndefu moja, ya tatu, ambayo ukishika breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia haujaachia mafuta, gari linatulia na kutoka kama limesukumwa. Inahitaji miguu yote miwili kwa wakati mmoja.

Nilijua kwamba yeye hawezi. Nililifanyia mazoezi hilo kuliko yote.

Jana baada ya ibada Shija na Masanja walikuja kama kawaida. Nikasema na mimi nataka kujaribu tena. Baba Kabula alianza kucheka kabla sijamaliza kusema, akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka tayari.

Alitangulia yeye, mizunguko mitatu. Aliendesha vizuri sana. Gemu hili, mtu akimaliza, linaacha kivuli cha gari lake barabarani, hivyo anayefuata anashindana na kivuli hicho. Nilihamisha kiti, nikasogeza na magongo yake nyuma yangu nipate nafasi, nikakaa.

Mzunguko wa kwanza kivuli kiliniacha. Wa pili nikakikaribia. Wa tatu, kwenye ile kona ndefu, nilikipita kwa nje, na sikukiona tena.

"Mayu wane!" Shija alimaka kwa Kisukuma, kama anayemwita mama yake.

Masanja akauliza, "Shemeji, umempitaje pale?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ni bahati. Au ningesema ukweli, kwamba nimefanya mazoezi kwa siri. Badala yake nilikigeuza kiti ili mume wangu anione vizuri usoni, nikasema:

"Mimi nina miguu miwili."

Masanja alicheka kabla hajafikiri. Shija aliinamisha kichwa. Simu ilikuwa bado inarekodi mkononi mwa mume wangu.

Alitaka kuinuka atoke. Akatazama magongo, akanitazama mimi. Nilimwelewa vizuri sana. Sikusogea. Akaweka mkono mezani ajisukume, mkono ukateleza, akaanguka, akaangukia kile kipande cha mguu. Mlio alioutoa sitaki kuuandika.

Nilibaki nimekaa. Shija ndiye aliyemwinua.

Naandika na hili, maana nisipoliandika nitajidanganya: niliona raha. Ilikuwa raha tamu kama maji ya baridi, na ilidumu mpaka nilipomaliza kuosha vyombo. Ndipo nilipopita chumbani nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amefungua bandeji, anapuliza kidonda kama mtu anavyompulizia mtoto. Alipohisi nipo, alifunika kwa shuka.

Leo hakutoka chumbani mpaka mchana. Niliwahudumia wateja wawili huku sikio liko ndani. Kisha akaniita.

"Washa."

Akaendesha mizunguko yake mitatu. Aliendesha vibaya, maumivu yalikuwa yanamfuata kila alipohamisha mguu. Jasho lilimtoka. Alipomaliza alijisogeza pembeni. "Zamu yako."

Katika mzunguko wa pili nilikuwa nimeshakiacha kivuli chake mbali. Nilimsikia anavyohema. Nikaona nimepata nafasi ya kulipia ya jana. Wa tatu, kwenye kipande cha mwisho kilichonyooka, niliondoa mguu kwenye mafuta. Nikakisubiri. Kivuli kikanipita taratibu, kikavuka mstari.

"Umeshinda," nikamwambia. Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Ni ile ya kumwambia mgonjwa kwamba leo amekula vizuri.

Alikionyesha kwa kidole kile kivuli kwenye runinga.

"Jana ulinitukana," alisema. "Labda nilistahili, kwa ile video. Lakini ulikuwa unanitukana mimi. Leo ulikuwa unacheza na nani?"

Aliniomba nitoke kwenye kiti, aliniomba kwa adabu, kama mtu anavyomwomba mgeni. Tangu hapo yuko humo ndani peke yake. Nasikia injini inapanda, breki, changarawe. Kimya. Anaanza upya.

Kesho ni siku yake ya hospitali. Nitampeleka mimi kwa bajaji, Shija apumzike. Tukirudi nitaomba usukani na nitaendesha kwa uwezo wangu wote, anishinde au nimshinde. Na Jumapili, Masanja na Shija wakiwa wamekaa pale pale, nitamwomba msamaha, kwa kuwa neno lile nililisema mbele yao. Yeye naye ana la kuniomba. Asipoliomba, sitamkumbusha.

Hayo ninayaweza, nafikiri.

Ninachoogopa ni kingine. Tangu mchana najiuliza, ningerudishwa jana kwenye kile kiti, Masanja aniulize tena lile swali, ningenyamaza? Nimejiuliza huku nikishona, nikajiuliza tena hapa nikiandika. Kila mara jibu linakuja haraka, kabla sijapata muda wa kulipamba.

Ningesema vile vile.