Chupa Niliyoinusa Bila Kusikia Harufu

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, viatu vyangu bado vimeloa, na moyo wangu ni mzito.

Leo alikuja mwenye kiwanda cha divai. Ni mama mzee wa Kiitaliano kutoka Piemonte, ambako ukoo wake hulima zabibu vilimani, na mgahawa wetu hapa Nakasero huuza divai zake tu. Bosi wangu Mutua, Mkenya, alimwandalia chakula cha mchana pamoja na wageni wachache. Mimi ndiye mfungua chupa. Kanisani wanajua nauza vyakula, na waendelee kujua hivyo.

Kazi yenyewe ni hii: unang'oa kizibo, unamimina kidogo kwenye glasi yako, unanusa. Kizibo kikiwa kibovu, divai hunuka kama gunia lililolowa, na chupa hiyo haifiki mezani. Ukiridhika unaitikia kwa kichwa, ndipo unammiminia mgeni.

Tangu ile homa ya baada ya Pasaka sisikii harufu yoyote.

Sikumwambia mtu. Nimekuwa nikifanya kazi kwa kukumbuka. Arneis, ile nyeupe, nikasema ina harufu ya peasi na inakwenda na sato wa kuchoma. Barbera nyekundu ina ukali unaokata mafuta ya mbuzi. Moscato tamu ingoje maembe. Wageni walifurahi, yule mama akatabasamu, nami nikajiona mjanja.

Ikaja chupa ya pili ya Barbera. Nikanusa, nikaitikia kwa kichwa, nikamimina. Mama mzee aliinua glasi puani, akaishusha bila kuonja. Alinifuata jikoni na glasi mbili, moja ya chupa ya kwanza, moja ya pili, akaniomba nimwonyeshe mbovu ni ipi. Nilinusa zote, nikabahatisha, nikakosea. Akanishika bega tu. Heri angenigombeza.

"Mado, tangu lini?" aliniuliza Mutua, aliyekuwa ametufuata jikoni.

"Tangu ile homa, bosi. Nilizani itarudia."

Hakunifukuza. Alisema kuanzia Jumatatu nitapanga meza, chupa atafungua mwingine. Nilitoka Bukavu sijawahi kuiona zabibu, nikajifunza hadi wageni wakawa wananiita kwa jina. Leo nimerudi kwenye vitambaa na uma. Inaniuma sana.

Nilifika nyumbani Lubaga kabla ya giza. Umeme ulikuwa umekatika mchana kutwa, na mama yangu alikuwa ametoa samaki wa jana kwenye friji. Akanisogezea sufuria kama kawaida, maana tangu utoto mimi ndiye ninayeamua kama chakula kimeharibika.

"Nusa hii samaki, Mado. Ingali muzuri?"

Nusura niitikie kwa kichwa, kama kule kazini.

"Sisikie kitu, mama. Pua yangu ilikufa."

Aliiweka sufuria chini, katikati yetu. Kisha akasema taratibu, "Yangu nayo, siku mingi. Ndiyo maana minakuitaka unuse."

Kumbe miaka yote hii nilikuwa nanusa kwa ajili yetu wawili, na sikujua.

Tumekaa, sufuria iko katikati yetu, njaa inatuuma, na hakuna aliyenyoosha mkono. Kutakucha, najua. Lakini ni nani atakayetunusia?