Aabo, Njia ya Mkono wa Hooyo Haijakatika

Mpendwa Aabo, baba yangu,

Assalamu aleikum huko uliko. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu wapo wengine wanaokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wao, wakijiuliza yale tuliyojiuliza sisi juu yako.

Nakukumbuka kwenye soko la mifugo hapa Garissa, fimbo begani, ukibishana na mnunuzi kutoka Nairobi. "Bole bole, rafiki," ulimwambia kwa lafudhi yetu ya Kisomali. "Mimi nauza ng'ombe, sitaki fita." Nilicheka, nawe ukanikonyeza. Majirani walisema soko si mahali pa msichana, lakini kila wiki ulinichukua.

Hapo hapo sokoni ndipo ulipoanguka. Upande mmoja wa mwili ukapooza, maneno yakakukauka. Daktari alisema damu imevuja ndani ya ubongo. Zaidi ya hapo hakuwa na mashine ya kumwonyesha nini kimeharibika na nini kimebaki kizima. Watu wakaanza kukuongelea ukiwa pale pale, kana kwamba umeshaondoka. Mkeo peke yake, Hooyo, mama yangu, ndiye aliyekataa. Alikulisha uji huku akikusimulia bei za mbuzi, na ukimtazama tu husema, "Mnaona? Ananijibu." Ulipofariki nilibaki najiuliza kama kweli ulikuwa ukitusikia.

Swali hilo ndilo lililonipeleka chuoni. Leo napiga picha za ndani ya mwili kwa mashine ya MRI, katika hospitali moja Nairobi. Tuna utafiti juu ya watu waliovuja damu kichwani. Picha zetu hufuatilia jinsi maji yanavyosogea ndani ya ubongo. Nyuzi za neva zikiwa nzima, maji hufuata mkondo wake. Zikiharibika, hutawanyika ovyo. Kwa hiyo tunaweza kuona kama njia itokayo kwenye ubongo kwenda mkononi bado ipo.

Sikujua kwamba siku moja atakayelala ndani ya mashine ile ni Hooyo.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, alikuwa akianua nguo, kanga ikamtoka mkononi. Mkono wa kulia na mguu vikakataa. Damu, kama wewe. Tulimkimbiza Nairobi. Kaka Abdi alishuka kutoka Mandera, akamtazama, kisha akanivuta nje ya wodi.

"Hodan, tumrudishe nyumbani. Akae na wajukuu, tumsomee Qur'ani."

"Tumpige picha kwanza."

"Picha itamponya?"

"Haitamponya. Itatuambia kama kuna cha kupigania."

Nilimwekea mito midogo pande zote za kichwa, nikamwambia atasikia kelele kama mabati yanayogongwa.

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nyuma ya kioo, Hooyo."

"Basi piga."

Baadaye daktari wa ubongo alituita mbele ya skrini. Alituonyesha donge la damu, na kando yake uzi mwembamba wa buluu uliopinda.

"Hii ndiyo njia ya mkono na mguu. Imesukumwa, imebanwa, lakini haijakatika. Siwaahidi kitu. Ila mazoezi yana maana."

Abdi aliomba aonyeshwe tena. Akaufuata uzi ule kwa kidole, toka juu hadi chini, taratibu, macho yamejaa machozi. Kisha akauliza mazoezi yanafanyikia wapi.

Hayakuwa rahisi. Hooyo alilia, akamtukana mtu wa mazoezi kwa Kisomali, bahati nzuri hakuelewa. Lakini alirudi kila mara.

Picha yako ingeonyesha nini, Aabo, sitajua kamwe. Zamani jambo hilo liliniuma. Siku hizi, mgonjwa asiyeweza kusema akiletwa, mimi huwaambia watu wake waendelee kuzungumza naye wakati tunaandaa mashine. Wengine hunitazama kwa mashaka, lakini huanza.

Wiki iliyopita nilikuja Garissa kwa likizo. Nilimmiminia Hooyo chai ya maziwa ya ngamia, nikainua kikombe nimnyweshe. Alinipiga kofi dogo, kwa mkono ule wa kulia.

"Niache! Kwani mimi sina mkono?"

Chai kidogo ilimwagikia diraa, gauni lake pana. Iliyobaki aliinywa yote, mwenyewe.

Pumzika katika rehema za Mola, Aabo. Mkeo anakusalimu.

Binti yako kitindamimba,
Hodan