Mlango wa Romani

Sinza, 2 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mie mzima, ila roho haijatulia. Kila nikitaja hospitali unakata simu, kwa hiyo binamu Nurdin atakuletea barua akija dukani kwako. Barua haikatwi.

Daktari amekupangia upasuaji tarehe 18. Uvimbe bado mdogo. Twende, Baba.

Nimemaliza mchezo wangu wa jukwaani. Mtu amekaa chumbani, mlango uko wazi, naye anangoja aambiwe atoke. Njoo uuone.

Mwanao, Wahiba

*

Gongo la Mboto, 9 Septemba

Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, napumua. Nurdin kaninywea chai yote ndipo akatoa barua.

Mtu ana miguu miwili na mlango uko wazi, anangoja nini? Watazamaji wako watalala.

Hilo la kupasuliwa nimeliswalia istikhara, Mola anionyeshe lenye heri. Siku ya kumi leo nangoja ndoto. Nilichoota ni gunia la maharage. Usinisukume. Mama yako alipasuliwa, na siku yake ilikuwa imeandikwa. Yangu pia imeandikwa.

Baba yako, Awadh

*

Sinza, 21 Septemba

Shikamoo Baba. Hujambo? Nauliza kwa hasira, lakini nauliza.

Tarehe 18 nilikaa kwenye benchi la hospitali toka saa moja asubuhi hadi saa nane, faili lako mapajani, nesi akiita Awadh, Awadh. Niliona haya kumwambia unangoja ndoto.

Nimemuuliza ustadhi wa mtaani kwetu. Anasema ukishaswali istikhara unainuka, unashika jambo lako, na Mungu ndiye atakayelifungua au kulifunga. Ndoto hakuahidiwa mtu.

Ukurasa wa mwisho wa mchezo nimeuacha mtupu. Romani, anayeigiza, anaamua mwenyewe kila onyesho: atoke au abaki. Maonyesho sita yote amebaki. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Sista, mle ndani nishapazoea." Watu wanacheka sana. Mie siwezi tena.

Jumamosi ijayo, saa kumi jioni. Nakuomba.

Mwanao, Wahiba

*

Gongo la Mboto, 3 Oktoba

Binti yangu, salamu nyingi. Afya nitakueleza chini.

Jumamosi nilikuja, nikakaa nyuma kabisa. Yule Romani umemvalisha kofia kama yangu, umempa kigoda kama changu, hata kukohoa anakohoa kama mie. Watu walicheka na mie nikaona aibu. Alipousogelea mlango nilitaka kupiga kelele, "Toka, we!" Akarudi kukaa.

Nikainuka kabla hawajapiga makofi. Nimefika barabarani ndipo nikatambua kuwa nimetoka, na hakuna aliyeniambia.

Jumatatu nilikwenda hospitali peke yangu. Uvimbe umesambaa. Daktari hakunificha: mwezi uliopita ingekuwa rahisi, sasa ni kujaribu tu. Nimesaini mwenyewe, upasuaji ni tarehe 16. Kufa kumeandikwa, mwanangu, sibishani na hilo. Lakini kuchelewa kulikuwa kwangu mie. Usikubali mtu akuambie vingine. Na unisamehe lile benchi.

Baba yako, Awadh

*

Sinza, 9 Novemba

Shikamoo Baba. Leo sijui niulize afya gani.

Msibani kwako kila aliyenishika mkono alisema ilishaandikwa. Niliitikia, ndivyo inavyotakiwa. Moyoni nilikuwa nawahesabia zile wiki nne ulizochelewa. Nina hasira nawe, Baba, na nimekusamehe, vyote kwa pamoja.

Barua hii Nurdin amekataa kuipokea. Alilia, akasema duka limefungwa, aipeleke kwa nani.

Jana tulirudi jukwaani. Romani alikaa kigodani muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya kigoda, akatoka. Watu waliacha kucheka. Walikaa wakiutazama mlango, wakingoja arudi. Nami nilikaa nao, Baba, wakati mchezo ni wangu na nilijua umeshakwisha.

Mwanao, Wahiba