Ubao Ambao Watoto Hawakuuona

Mpendwa Baba Furaha,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, hapa hapa kambini Rubondo. Habari za mahindi zitasubiri. Leo nataka tuzungumze kuhusu ule ubao.

Unakumbuka korona ilipofunga shule? Ijumaa mkuu wa shule alikwambia ufundishe kwa simu; Jumatatu asubuhi ulikuwa umeshavaa tai. Ukatundika ubao ukutani, ukaniambia, "Mama Furaha, nyamaza kidogo, batoto banasikia." Kisha ukaita majina, maana kwako somo bila kuita majina si somo. Watoto arobaini, na kila aliyeitwa akatuma sauti yake: "Présent, mwalimu!" na mbuzi wa kwao naye akaitikia. Bando likaisha kabla hujafika herufi M.

Siku ya pili ulianza na pembetatu. Uliichora vizuri, ukagonga ubao kwa fimbo, ukarekodi sauti yako kwa simu: "Tazameni hapa! Upande huu na huu ni sawa. Mumeona?" Majibu yakamiminika: "Tumeona, mwalimu!" Watoto wenye adabu wale! Ni Espérance peke yake, binti wa jirani yetu fundi cherehani, aliyetaka kujua ulipo: "Mwalimu, ubao uko fasi gani?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nisamehe. Wewe hukucheka. Uliufuta ubao polepole, ukasema, "Miaka yote hii, kumbe sijui kufundisha." Uliendelea mpaka shule zikafunguliwa, lakini maneno hayo uliyabeba hadi siku tulipokuzika.

Hayakuwa kweli, na sasa ninaweza kukueleza kwa nini.

Mwaka huu chuo kimoja cha Mbarara kiliniomba nisaidie kuandaa masomo ya hesabu ya mtandaoni, kwa vijana walioacha shule. Nilidhani nitapewa simu na tai. Badala yake tulikaa Ruti, pale pale Mbarara, tukipanga kwa miezi mitatu kabla ya mwanafunzi yeyote kusikia sauti zetu. Swali la kwanza lilikuwa: mwanafunzi ana nini nyumbani, na mtandao anaupata wapi? Kwa hiyo masomo ni mafupi. Mtu anayapakua kwenye kituo chenye mtandao, anayasikiliza nyumbani hata bila mtandao. Kila somo lina kazi ya kufanya kwa mikono, na kuna siku maalumu ya kujibiwa maswali. Majina hatuiti, anayefanya kazi ndiye aliyehudhuria. Najua, hapo ungegomba.

Wewe ulipewa siku mbili ulitie darasa zima ndani ya simu. Kule kulikuwa kuokoa vyombo nyumba ikiungua. Nani humlaumu mtu kwa kusahau kijiko?

Somo la pembetatu nililiandika mimi. Linaanza hivi: "Toka nje. Ubao wako ni udongo wa mlangoni. Chukua kijiti."

Espérance, ambaye sasa ana mtoto mgongoni, ni mmoja wa wanafunzi. Juzi alituma picha: pembetatu chini kwenye udongo, pande mbili sawa kabisa, na kuku amekanyaga katikati. Ameandika: "Mama, mwambie Mwalimu, sasa nimeona."

Basi nimekwambia. Ubao nimeutundika tena ukutani. Pumzika, mwalimu.

Mkeo aliyecheka,
Mama Furaha