Msichana Aliyeingia Bila Kusalimia

Dada Yustina,

Nakuandikia nikiwa Kasulu, mezani pangu, ukungu ukiwa bado haujaondoka juu ya migomba ya jirani. Tangu tukuzike kule Kibondo nimekuwa nikisoma riwaya ulizoniachia, zile za vijana, za falme zisizokuwapo na sayari ambazo hakuna aliyezikanyaga. Kila nikimaliza moja, mkono wangu unatafuta simu ili nikusimulie. Nimechoka kuuzuia. Basi leo nakusimulia.

Nianze na lililo zito. Kabati lako la vitabu pale shuleni lilikaribia kufungwa. Wazazi kadhaa walilalamika kwamba riwaya ulizokuwa ukiwasomea wasichana kila Jumamosi zimejaa uchawi, na aliyewaongoza ni Mzee Bukuru, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, baba yake Jeska, yule wa Jumamosi zako. Ulipokuwa hai walikuogopa kidogo, nadhani. Ulipoondoka, wakasema. Kwa kuwa mimi ndiye niliyezirithi Jumamosi zako, mkuu wa shule aliniita niende kuvitetea vitabu mbele yao. Mimi, dada, ambaye ulizoea kunitania kwamba hata nikiulizwa kama mvua inanyesha nitaomba kwanza muda wa kutafakari.

Nilijiandaa kwa namna niliyofundishwa chuo kikuu: nikavisoma vyote upya, kalamu mkononi. Naomba nikupe maoni yangu, ingawa nusu yake huenda nikayafuta kesho.

Ile ya msichana anayefua umeme kwa mikono imeandikwa vizuri kuliko nilivyotaka kukiri. Lakini kwa nini, mwishoni, lazima agundulike kuwa binti wa mfalme? Mwandishi ametumia kurasa nyingi kutuonyesha kwamba mtoto wa mfua vyuma anaweza kuusimamisha mji, kisha anaogopa jambo lake mwenyewe na kumkabidhi taji. Niliwaambia wasichana hivyo. Jeska akanijibu kwa adabu kwamba mimi sijawahi kutamani kuwa binti wa mtu mwingine. Pengine kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa umri wangu, na hilo si kosa la kitabu.

Ile ya watoto wanaosafiri kwenye chombo cha angani inakatika katikati ya pumzi ili ununue juzuu ya pili. Hilo naliona ni kukosa heshima kwa msomaji, na hapa sina shaka hata kidogo. Ama nina shaka ndogo tu.

Halafu ipo ile ya makazi ya mwezini, ambako watu waliofukuzwa duniani wanahesabiwa na mashine kila asubuhi kabla ya kupewa chakula. Mimi niliisifu kwa ujasiri wake. Jeska, ambaye shangazi yake yumo kambi ya wakimbizi ya Nduta, alisema mwandishi hajawahi kupanga foleni ya posho. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Mwalimu, kwenye foleni hii hakuna hata mmoja anayetania." Darasa zima likacheka, wakaanza kutaja vichekesho walivyosikia kwenye foleni, na mimi nikasimama pale nikijivuna kwa niaba yako. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunipa kipimo kile cha kuipima riwaya. Ni mtoto uliyemlea wewe.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu. Unaujua. Ulipokuwa ukiwasomea, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, ulikuwa huwezi kumwacha mhusika aingie ndani bila salamu. Rubani anashuka kwenye kituo cha angani, wewe unamwinamisha, unampigisha makofi yale ya taratibu, anamwambia kamanda "mwakeye" ya kwetu, anaulizia watoto na mashamba ya kamanda. Nilikuwa nakuambia kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Ulikuwa unanijibu, "Bila salamu hawa wasichana hawatamwamini mtu huyo, mdogo wangu, hata akiwaokoa." Hatukuwahi kukubaliana.

Siku ya mkutano wazazi walijaa hadi kwenye vizingiti. Mzee Bukuru aliuliza swali moja tu: ndani ya vitabu hivi uchawi umo, au haumo? Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya sitiari. Nikayaangalia yale makaratasi, nikaona ni njia ya kukwepa. Nikasema umo. Ukumbi ukaguna. Nikaomba niwasomee sura moja, kisha waamue wao.

Nilichagua ile ya msichana anayesikia sauti ya mlima, mahali ambapo mlima umemwonya kwamba askari wanakuja, naye anakimbilia nyumbani kwa bibi yake. Nilisoma kama ilivyoandikwa, bila kuongeza neno, kama nilivyokuwa nikikuhubiria. Anafungua mlango, anachukua kibuyu cha maji, anamfunga mdogo wake mgongoni, anatoka. Mama Zawadi, yule anayeuza dagaa sokoni, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Huyu mtoto ameingia kwa bibi yake, hakumsalimia?"

Nikasema mwandishi hakuandika salamu.

"Basi uchawi tuuache. Mimi shida yangu ni malezi."

Watu walicheka mpaka mkuu wa shule akagonga meza. Mmoja akasema labda kwa wazungu ndivyo ilivyo. Nikamwambia mwandishi si mzungu. Mwingine akasema basi kalelewa mjini. Wakabishana: kama bibi alikuwa amelala, kama mtoto alikuwa na kiburi tangu sura ya nyuma, kama ningerudia kusoma pale mlangoni. Nilirudia. Hakuna aliyekuwa akizungumzia mlima unaosema.

Ndipo Mzee Bukuru akasimama, na nilidhani anataka kuufunga mjadala. Unajua jinsi anavyoongea, Kirundi cha wazazi wake kikiwa bado kimelala chini ya Kiswahili chake. Alisema walipokimbia Burundi usiku alikuwa mtoto mdogo, ameshika kitenge cha mama yake. Wakapita mbele ya nyumba ya mama yake mkubwa, taa ikiwaka, na mama hakuita. Hakuaga.

"Mpaka anakufa, hilo ndilo alilokuwa akilirudia," alisema. "Mto tuliovuka hakuutaja, njaa hakuitaja. Alisema, nilipita kwa dada yangu bila salamu. Huyu aliyeandika anajua. Msimwongezee kitu."

Akakaa. Jeska, aliyekuwa amesimama dirishani, alimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza ametambulishwa kwake.

Ningependa kukuambia kwamba nilishinda ule ugomvi wetu, kwa kuwa mzee alisema nisiongeze. Lakini nimelitafakari na sina uhakika. Pengo lile lilisikika kwa sababu wote mle ndani walikuwa wakiisubiri salamu, na wasichana wako ndio walioisubiri kuliko wote, maana uliwazoesha Jumamosi baada ya Jumamosi. Pengine mimi nilikuwa sahihi juu ya kitabu, nawe ulikuwa sahihi juu ya wasikilizaji. Pengine hata hivyo sivyo. Nakosa mtu wa kunibishia, Yustina. Hilo ndilo nisilolizoea.

Uamuzi wao ni huu: kabati linabaki. Riwaya mbili zimewekwa kando mpaka wazazi wazisikie kwanza, na Mzee Bukuru amesema wazi kwamba mlima unaosema bado haujampendeza. Walimu wenzangu wananipa pole kwa hizo mbili. Mimi najivuna, na safari hii sijatafuta sababu ya kuacha kujivuna. Ulianza na wasichana wachache na kabati lenye mlango mbovu. Sasa watu wazima wanaotoka shambani wanauliza ni saa ngapi sura inayofuata inasomwa, na Mama Zawadi ameomba tusianze mpaka afunge meza yake ya dagaa.

Pumzika, dada yangu. Yale uliyoyafanya yanatembea yenyewe sasa, mimi nayasindikiza tu.

Nakuahidi hili. Zile mbili zilizowekwa kando nitazisoma mbele yao kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata zile kurasa ninazoziona dhaifu, na hata zile zinazoniogopesha kuzisoma mbele ya Mzee Bukuru. Sitapunguza. Na nikifika mahali mtu anapoingia ndani bila kusalimia, nitanyamaza kidogo, niwaache wao waseme.

Mdogo wako,
Konsolata